Mkono wa Mwisho wa Vanishi

Kuna watu wanaozaliwa wamekunja pua, na Mzee Mng'aro alikuwa mmoja wao. Mama yake mzazi alikuwa akisema kwamba hata alipokuwa mchanga alinyonya kama mtu anayemfanyia mwenzake hisani. Akakua hivyo, akaoa hivyo, akaota mvi hivyo hivyo. Ukimpikia, chumvi imezidi. Ukiipunguza, unamlisha chakula cha wagonjwa. Ukinyamaza umenuna, ukisema unapiga domo.

Jina la Mng'aro hakupewa nyumbani. Alilipata gereji, alikopuliza rangi za magari ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima. Hapa tuseme kweli, maana hata mtu wa hovyo ana lake: mkono wake ulikuwa mkono. Gari lililoingia limekwanguka ubavu mzima lilitoka linameremeta, na mwenyewe angesimama mbele ya mlango wa gari lake akarekebisha kola ya shati. Wenzake wakamwita Mng'aro kwa utani, yeye akalipokea jina kama cheo. Tangu hapo kitu kisichong'aa hakikuwa na thamani machoni pake, na mtu asiyesifu mng'aro wake hakuwa mtu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu hakutia maji, alitia dharau. Waliogonga bati aliwaita wagonga masufuria. Waliofungua injini aliwaita waoga oili. Mteja aliyeuliza gari litakuwa tayari lini aliambiwa akanunue punda, kwa sababu punda hapakwi rangi. Mwanzoni wateja walicheka, baadaye wakachoka, mwisho wakahamia gereji ya jirani, kwa kijana asiyejua nusu ya alichojua Mng'aro lakini aliyejua kusema karibu na asante. Gereji ikafa. Mng'aro akautangazia mtaa mzima kwamba watu wa siku hizi hawana macho.

Alipokosa magari akaigeukia nyumba yake. Alipiga vanishi kabati, akapiga vanishi viti, mpaka wageni wakawa wanateleza na kujishika meza. Alipiga vanishi mwiko wa ugali, mkewe akautupa. Binti yao alipokaribia kuolewa, alipiga vanishi fremu ya dirisha la sebuleni, mikono kwa mikono, kila mkono ukikauka anaongeza mwingine, na hakukumbuka kulifungua hata mara moja katikati ya kazi. Vanishi ikaingia kwenye nyufa, ikaganda, na dirisha likashikana na ukuta. Tangu siku ya harusi halikufunguka tena. Sebule ikawa tanuri. Mkewe alipolalamika, Mng'aro alimwambia dirisha kama lile ni la kutazamwa.

"Na hewa?" mkewe aliuliza.

"Hewa ipo nje. Nenda ukaivute huko."

Ndivyo alivyoongea na mwanamke aliyemzalia watoto.

Mdogo wa kike wa mkewe, ambaye Mng'aro alimwita shemeji kama ilivyo desturi, na kwa siri alimwita mpika uji, ndiye aliyemtoa nyumbani. Shemeji huyo alifanya kazi kwenye karakana moja nyuma ya soko la mbao, iliyotengeneza seli za hidrojeni. Seli hizo ni vyombo vya kutoa umeme: gesi ya hidrojeni inaingia upande mmoja, hewa upande wa pili, zinakutana kwenye utando mwembamba kama karatasi ya nailoni, na umeme unapatikana bila moto wala moshi. Kinachobaki ni maji tu. Lakini utando mtupu haufanyi lolote. Lazima upakwe pande zote mbili tabaka jembamba la kichocheo, ambacho ni unga mweusi wa kaboni wenye chembechembe za platini, na tabaka hilo hupulizwa kwa bastola kama ile ile ya rangi ya gari. Karakana ilikuwa haijapata mashine ya kupulizia. Ilitaka mkono wa mtu.

"Ninaye mtu," shemeji alimwambia injinia wa karakana, ambaye alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Ana mdomo, lakini mkono wake hautetemeki."

Alimwombea, akamdhamini, akasema akiharibu niulizeni mimi. Na Mng'aro alipoambiwa kapata kazi, hakusema asante. Aliuliza kama huko karakanani kuna kioo cha chooni, maana yeye hawezi kunawa mahali pasipo na kioo.

Kazi yenyewe aliidharau siku ya kwanza. Injinia alimwonyesha bamba la moto lenye vitundu vidogo, na pampu iliyofyonza hewa kupitia vitundu hivyo ili utando ulale bila kukunjamana. Akamwonyesha namna ya kupita: mkono mwepesi, mbali kidogo, kwenda na kurudi, kisha kukatiza, kila mkono wa wino, kama walivyokiita kichocheo kilichokorogwa majimaji, ukauke palepale unapotua.

"Usiache ulowe, mzee," alisema. "Ukilowa, utando unavimba na tabaka linapasuka. Tunataka liwe kavu, lenye matundu. Gesi ipite kuingia, maji yapite kutoka."

"Na mwisho wake linang'aa lini?"

"Haling'ai. Likimaliza linakuwa kama masizi."

Mng'aro alimtazama kama mtu aliyeambiwa ashone nguo ya kuvaliwa ndani nje. "Binti," alisema, na huyo binti alikuwa na mtoto chuo kikuu, "mimi nimepaka magari ya mabwana harusi. Leo unaniajiri nipake masizi?"

"Ndiyo," injinia alijibu, akaenda zake kusoma mizani.

Akapaka masizi, na aliyapaka vizuri. Hilo ndilo lililoudhi kila mtu, kwamba kiburi kile kilikuwa na mkono. Tabaka zake zilitoka sawasawa pembe hadi pembe, na injinia alipokata kipande na kukipima uzito, kilikuwa kile kile kilichotakiwa. Alimsifu waziwazi. Mng'aro akajibu kwamba kusifiwa kwa masizi ni sawa na kusifiwa kwa kukoroma.

Shemeji ndiye aliyepika wino. Kila asubuhi alipima unga mweusi, akaulowanisha kwanza kwa maji, taratibu, mpaka usibaki hata punje kavu, ndipo akatia spiriti, kisha gundi maalumu inayoshikisha unga kwenye utando na kuupa uhai. Hakubadilisha utaratibu huo hata siku moja, kwa sababu spiriti ikiugusa unga ule ukiwa mkavu, unawaka wenyewe, bila kiberiti. Chupa ya wino aliiweka kwenye beseni la maji baridi linalotetema, ili unga utawanyike usigande chini. Jioni aliosha kila chombo mpaka kinanukia usafi. Mng'aro alikuwa akisimama mlangoni, bastola mkononi, anamtazama anavyokoroga.

"Uji umeiva?" anauliza.

"Bado, shemeji."

"Ukiungua usinipe mimi, mpe paka."

Na shemeji alikuwa anacheka. Hiyo ndiyo inayouma. Alicheka kwa sababu alikuwa na heshima, na kwa sababu alijua wazi kwamba mume wa dada yake akifukuzwa hapa hana mbele wala nyuma.

Basi ikatokea zahanati moja ikataka seli za kuwashia taa na friji la dawa umeme unapokatika. Mkurugenzi wa karakana, mtu mwembamba aliyevaa tai hata jua likipasua mawe, akapanga wageni wa zahanati waje waone kazi. Alitangaza ratiba kwa wote: taa zitawashwa, feni itazungushwa, kisha seli moja ya akiba itafunguliwa mbele ya wageni, utando utolewe, upitishwe mkono kwa mkono.

"Na nitawaambia," alisema, akimwelekezea kidole Mng'aro, "huu hapa ni mkono wa fundi wetu."

Hapo ndipo ugonjwa ulipopanda.

Alasiri ya siku iliyofuata, tando zote zilikuwa tayari. Injinia alikwishazipima uzito zikiwa ndani ya bahasha zake, akazikubali, akaenda mjini kushughulikia mitungi ya gesi. Shemeji alikwishaosha chupa zake, akatoka. Kazi ya Mng'aro ilikuwa moja tu iliyobaki: kuzitoa tando na kuzilaza kwenye fremu zake, tayari kufungwa kwa boliti. Akazitazama. Zilikuwa nyeusi, zimefifia, hazina uso. Akawaza wageni wanazipokea mkononi, wanazigeuza, wanaulizana kwa macho, fundi gani huyu. Akawaza mkurugenzi anasema mkono wa fundi wetu, na kilichoshikwa ni kitako cha sufuria. Alisikia aibu ya kweli, aibu ya moto shingoni, ambayo hakuwahi kuisikia kwa maneno yote aliyowahi kuwatupia watu.

Gari halitoki gereji bila vanishi. Hata fundi mlevi anajua hivyo. Na kwenye rafu ya shemeji kulikuwa na chupa ya gundi, safi, nyepesi, isiyo na rangi. Mng'aro aliimimina kidogo, akaizimua kwa spiriti, akaichuja kwa kipande cha soksi ya kike alichokuwa nacho tangu enzi za gereji. Akarudisha tando kwenye bamba la moto, moja baada ya moja. Akaivuta bastola karibu zaidi ya alivyofundishwa, akabana tundu lake, akapita mkono mmoja wa mwisho, polepole, akiimba kwa pumzi. Tando zikameta. Zilikuwa nyeusi kama viatu vya askari siku ya gwaride. Alipozilaza kwenye fremu alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu gereji ifungwe. Hakuna aliyeona, na hilo lilimsikitisha kidogo.

Asubuhi fundi boliti alifunga seli bila kuuliza kitu, kwa sababu yeye anafunga boliti. Injinia aliwasha taa moja ya majaribio, ikawaka, akapumua. Taa moja haidai kitu. Seli hata ikiwa imezibwa pua, kwa taa moja itajikongoja.

Wageni wakaja: daktari, mhasibu, na muuguzi mkuu ambaye ndiye aliyekuwa akizalisha kwa mwanga wa tochi na kwa hiyo ndiye pekee aliyetazama kwa makini. Mkurugenzi akahutubia. Taa za mstari mzima zikawashwa, makofi yakapigwa. Feni ikawashwa. Ikazunguka, ikachoka, ikazunguka kwa kujivuta. Taa zikawa njano, zikawa nyekundu kama makaa ya jana, zikazimika. Injinia akageuza valvu, akapiga bomba kwa kifundo cha kidole, akaongeza hewa. Zikawaka kidogo, zikafa tena. Muuguzi mkuu alifunga mkoba wake.

"Tochi yangu inawaka muda mrefu kuliko hivi," alisema. Hakusema kwa ubaya.

Wageni walipoondoka, seli zilifunguliwa pale pale mezani. Maji yalikuwa yamejikusanya ndani, yamekosa pa kutokea. Na tando ziling'aa. Injinia aliuinua mmoja kwenye mwanga, akaugeuza, akaugusa kwa ukucha.

"Umezibwa," alisema. "Hapa hakuna tundu hata la sindano. Gundi imezidi."

Gundi ikizidi kwenye wino, tabaka linaziba na linameta, hata mwanafunzi anajua. Na wino anaupika nani? Mkurugenzi alimgeukia shemeji hata injinia hajamaliza kusema. Injinia akaomba waangalie wino uliobaki, lakini hapakuwa na wino uliobaki. Chupa zilikuwa zimeoshwa, zimepinduliwa kwenye kitambaa, zinang'aa kuliko tando. Usafi wa mwanamke yule ndio uliomponza.

"Nilipima kama siku zote," shemeji alisema.

"Mzee," injinia akamgeukia Mng'aro, "wewe ulipopuliza, uliona zinameta?"

Sasa tazama mtu. Mbele yake amesimama mwanamke aliyemwombea kazi, aliyecheka mizaha yake, mdogo wa mke wake. Neno moja lilitosha. Mng'aro alikunja pua, akafuta bastola yake kwa kitambaa, akasema, "Mimi napuliza nilichopewa."

Shukrani ya punda ni mateke.

Mkurugenzi alisema wageni wanataka jibu na yeye atawapa jibu. Kesho asubuhi watakaa ofisini, na kama hakuna maelezo mengine, mpika wino akabidhi koti lake. Injinia alimwambia asiharakishe. Mkurugenzi akasema kuharakisha ni kazi yake.

Jioni shemeji alikwenda kwa dada yake. Alikaa sebuleni, kwenye kiti kinachoteleza, macho mekundu, watoto wake wawili amewaacha kwa jirani. Dada yake alimpa maji, akakaa naye. Sebule ilikuwa na joto la tanuri la mikate. Mng'aro aliingia, akasalimia kama mtu anayelipa kodi, akaketi kula.

"Baba watoto," mkewe alisema, "mdogo wangu ndiye aliyekupeleka pale. Wewe ulikuwepo. Hujui lolote?"

"Wino ulikuwa mzito," Mng'aro alijibu, mdomo umejaa. "Mpishi akizidisha kitu, anayepakua afanyeje?"

Shemeji alijifuta shingo. Jasho lilikuwa linamtiririka. Aliinuka, akaliendea dirisha, akasukuma. Halikutikisika. Akasukuma tena kwa kiganja, akainama kuangalia ukingo, mahali vanishi ilipojaza ufa wote, ikaganda, ikameta. Akapitisha ukucha juu yake, vilevile kama injinia alivyopitisha kwenye utando.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "hili dirisha ulilipiga mikono mingapi?"

"Mpaka liliponyooka. Usilikwaruze."

"Na tangu hapo halifunguki."

"Dirisha zuri halihitaji kufunguliwa."

Shemeji alirudi akaketi. Alikuwa ameacha kulia. Alimwangalia Mng'aro akimenya chungwa na kulalamikia mbegu, akamwangalia hivyo hivyo mpaka chungwa likaisha, kisha akamuaga dada yake kwa upole na kwenda kuchukua watoto wake. Mng'aro alifikiri moyoni kwamba amekubali makosa. Wajinga hukubali upesi, aliwaza, akalala usingizi mzito.

Kesho yake ofisini kulikuwa na watu wanne: mkurugenzi nyuma ya meza, injinia pembeni akiwa na utando mmoja unaometa mbele yake, shemeji amesimama, na Mng'aro amekaa kwa sababu hakuna aliyemwambia asikae. Bastola yake alikuwa ameiacha karakanani juu ya bamba.

"Una la kusema?" mkurugenzi alimuuliza shemeji.

"Ninalo, bosi. Nimefikiri usiku kucha. Ni mimi."

Injinia aliinua kichwa. Mng'aro naye aliinua, kidogo.

"Gundi yangu ndiyo iliyong'arisha," shemeji aliendelea. "Shemeji msimlaumu. Mng'aro huu si wake. Yeye siku zote anapuliza masizi tu, na safari hii pia alipuliza masizi. Huu ni wa wino wangu."

Mng'aro alijikuna kidevu. Kitu kilimchoma chini ya mbavu, lakini alinyamaza. Alikuwa anaokolewa, na hata kuku anajua kunyamaza akiokolewa.

"Tena tazameni ulivyotulia," shemeji alisema, akauchukua utando, akauelekeza dirishani. "Hauna tone, hauna mchirizi, pembe zote sawa. Mikono ya shemeji siku hizi imezeeka, haiwezi tena kutoa kitu kama hiki. Wino ukiwa na gundi nyingi unajilaza wenyewe. Hata mtu aliyefumba macho angeupuliza, ungetoka hivi hivi."

"Unajilaza wenyewe?" Mng'aro alisema.

"Ndiyo, shemeji. Wenyewe."

"Wino unajilaza wenyewe."

"Mtoto wangu mdogo angepuliza hivi. Wewe kaa tu, usijisumbue."

Ulimi hauna mfupa, na wa Mng'aro haukuwa hata na mwenyewe. Alisimama, kiti kikaanguka.

"Wino haung'ai wenyewe," alisema. "Tangu lini uji ukajing'arisha? Nyinyi watu mna macho au mna vifungo? Huo ni mkono. Mkono huo hapo." Aliupokonya utando, akauinamisha kwenye mwanga. "Ona hapa. Unaona mahali nilipoanzia? Huoni, kwa sababu sikuacha alama. Ile ni gundi tupu, mkono mmoja wa mwisho, nimeuzimua kwa spiriti, nimeuchuja kwa soksi. Nimesogeza bastola nikabana tundu, nikapita polepole juu ya bamba la moto na haukuvimba hata mmoja. Hata mmoja. Mnajua ni watu wangapi wanaweza kufanya hivyo? Halafu mpika uji anasimama hapa anaiba kazi yangu, anasema mtoto angeweza."

Akakaa. Kiti hakikuwepo, ikabidi akiokote kwanza. Alikuwa anahema, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza kwa miaka, kwa sababu hatimaye amesema jambo lililomkaa rohoni. Aliwatazama mmoja mmoja akingoja. Kwa hakika kabisa, Mungu ni shahidi, alikuwa anangoja sifa.

Mkurugenzi alilegeza tai. Injinia alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti, akaivaa tena.

"Baada ya mimi kupima?" aliuliza.

"Eh?"

"Uliipaka hii baada ya mimi kupima na kuondoka, mzee?"

Ndipo Mng'aro alipojisikia. Amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, tena bila kuombwa, tena kwa majigambo. Alifungua mdomo atafute pa kurudi, lakini njia aliyopita alikuwa ameiziba mwenyewe kwa uangalifu wote.

Hawakumpigia kelele. Mkurugenzi alimwambia aende nyumbani, na shemeji akaambiwa arudi kwenye wino wake, kuna tando za kupuliza upya na wageni wa kuombwa msamaha. Mng'aro alitoka akasema hiyo karakana itajuta. Alifika getini, akakumbuka bastola. Akarudi kwa mlango wa nyuma, na kabla hajausukuma akasikia sauti ndani.

"Lakini kwa nini hukusema tu kwamba ni yeye?" injinia alikuwa anauliza.

"Ningesema, angekataa," shemeji alijibu. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye beseni, alikuwa ameshaanza kulowanisha unga. "Ungekuwa neno langu na lake, na yeye hana haya. Namjua tangu alipomposa dada yangu. Ukimtukana anafurahi, ukilia mbele yake anakula. Kitu kimoja tu hawezi kuvumilia, umpe mtu mwingine mng'aro wake."

Injinia alicheka kidogo, kicheko cha uchovu. Shemeji hakucheka. Alikuwa amemchekea mtu yule kwa muda mrefu mno, na sasa kicheko chake kilikuwa kimekwisha.

Mng'aro aliingia, akachukua bastola yake juu ya bamba. Alitafuta neno la kuwatupia. Alikuwa na neno kwa kila mtu siku zote, kwa wagonga bati, kwa wateja, kwa mama aliyemzaa. Wanawake wale wawili walimwangalia, wakarudi kwenye kazi yao, na yeye akatoka na bastola chini ya kwapa.

Habari zilimtangulia nyumbani. Alipofungua mlango alikuta mkewe amesimama juu ya kiti, nyundo mkono mmoja, kisu cha jikoni mkono wa pili, na vipande vya vanishi vimetapakaa sakafuni. Dirisha lilikuwa wazi. Ukingo wake wote ulikuwa umechanika, mbao mbichi zimetokeza. Upepo ulikuwa unapuliza pazia mpaka katikati ya chumba, na kwenye kiti kinachoteleza jirani mmoja alikuwa amekaa na kikombe chake, amefumba macho, anapunga hewa.

Mng'aro alizitazama zile mbao. Kazi ya mikono kwa mikono, yote sakafuni.

"Funga hilo dirisha," alisema.

Mkewe alishuka kwenye kiti, akachukua ufagio, akaanza kufagia. Jirani alinyoosha miguu. Mng'aro alirudia tena, kwa sauti ya chini kidogo, na hakuna aliyeinuka.